Bei ya kazi ya ufundi: uongeze asilimia au uhesabu kwa siku ya timu? Nalinganisha kwa namba

Nachukua kazi za plasta, tailizi na rangi hapa Dar, nyingi ni nyumba za watu binafsi kule Goba, Madale, Bunju na ng'ambo Kigamboni, na swali ninaloulizwa kila mara na mafundi wenzangu wanaotaka kuanza kusimamia kazi zao wenyewe ni hili hili, bei naipigaje? Hela ya fundi kwa siku wanaijua, ya saidia, yaani kibarua wa kumsaidia fundi, wanaijua, simenti mfuko umefika shilingi ngapi wanajua kuliko hata mwenye duka, ila pale katikati ndio hela inapopotelea, kwenye zile gharama za kuendesha shughuli ambazo hazimo kwenye karatasi ya vifaa wala huzilipi jioni ukiwa unawagawia vijana chao. Wenye ofisi wanaziita ovahedi. Mimi nasema gharama za uendeshaji, na hapa nataka kulinganisha njia mbili za kuziingiza kwenye bei maana zote mbili nimezitumia, ya kwanza nilikaa nayo miaka, na najua kila moja inakufikisha wapi.

Njia ya kwanza ni ya asilimia. Unajumlisha vifaa na ufundi, unaongeza asilimia 20 au 25 ya uendeshaji, halafu faida yako, umemaliza. Njia ya pili ni ya siku, yaani unatafuta siku moja ya timu yako ikiwa saiti inakugharimu kiasi gani, ufundi pamoja na uendeshaji, halafu unajiuliza kazi hii itakula siku ngapi. Mimi sasa hivi niko njia ya pili na nitasema kwa nini, ila ya kwanza nayo ina mahali pake kwa hiyo usiitupe kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza ujue mzigo wenyewe

Huwezi kuchagua njia ya kubebea mzigo ambao hujui una kilo ngapi. Kaa na daftari, andika kila hela iliyotoka mwezi uliopita ambayo hakuna mteja hata mmoja ungeweza kumwambia hii ni ya nyumba yako. Nachukua mfano, namba ni za mfano tu nimezinyoosha ili hesabu ifuatike, wewe utaweka zako. Chumba cha stoo cha kuwekea vyombo 100,000. Usafiri wako wewe, boda na mafuta, kwenda kuona kazi tatu ukapata moja, kurudi mjini kufuata kitu kilichosahaulika, 230,000. Simu na bando 50,000. Akiba ya vyombo vinavyochakaa, grainda, mashine ya kukatia tailizi, ngazi, toroli, makarai, zile rula za alumini za kunyooshea ukuta ambazo zikipinda tu hazifai tena, 120,000. Leseni na yule anayekuandalia mahesabu ya kodi ukigawa kwa miezi 12, 70,000. Halafu mshahara wako wewe wa kusimamia, 600,000. Jumla inakuja 1,170,000 kwa mwezi.

Hapo kwenye mshahara wako ndio wengi wanaparuka, utasikia mtu anasema mimi nitakula kwenye faida. Ndugu yangu, kupima kazi, kupatana na mteja, kununua, kukagua kona kwa timazi, kubishana na dereva wa mchanga aliyeleta tripu pungufu, hiyo ni kazi ya siku nzima na kama usingeifanya wewe ungemlipa mtu aifanye. Hayo malipo ni gharama. Faida ni ile inayobaki baada ya hapo, ndio itakayokununulia mashine ya zege au kukushikilia miezi miwili ambayo simu haiiti. Ukivichanganya hivi viwili unakuta mtu ana miaka 10 kwenye saiti na grainda ya pili bado anaazima.

Kuna vitu pia watu wanaviweka humu kimakosa. Mlinzi wa saiti, mirunda na mbao za jukwaa za kukodi, boza la maji, kirikuu cha kupeleka na kurudisha vyombo, hivyo vina mwenyewe, ni vya ile kazi, viandike kwenye kotesheni ya ile kazi kwa jina lake. Ukimbebesha mteja wa Bunju maji ya boza ya mteja wa Goba utakuwa ghali kwa mmoja na umepata hasara kwa mwingine, na hutajua kwa nini.

Sasa 1,170,000 igawe kwa siku. Siku ngapi? Hapa ndio penye kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Mwezi ukitoa Jumapili una siku kama 26, ukigawa unapata 45,000 kwa siku, inaonekana nyepesi. Lakini timu haifanyi kazi siku 26. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, plasta ya nje unaipiga asubuhi, mvua inaishusha jioni. Umeme umekatika, mashine ya tailizi imelala. Fundi umeme hajapitisha mabomba yake ukutani, huwezi kupiga plasta juu ya ukuta atakaoukata kesho. Mteja anasubiri hela iingie. Kuna msiba, huwezi kuwaambia watu wasiende kuzika. Kuna siku ya kuhamisha vyombo. Mimi nimeandika kila siku kwenye daftari mwaka mzima na zangu zinacheza kwenye 18, miezi mingine chini ya hapo. Ukigawa kwa 18 unapata 65,000 kwa siku.

Angalia tofauti. Ukitoza 45,000 halafu ukafanya kazi siku 18 utakuwa umekusanya 810,000, pengo ni 360,000, na hilo pengo halitakuja kama bili ya mtu anayekudai, litakuja kama mshahara wako ambao haukutosha, kila mwezi, na wewe utadhani ni maisha tu yamepanda.

Na siku ya mtu nayo ina bei mbili

Timu ya mfano iwe mafundi watatu kwa 30,000 na saidia watatu kwa 15,000, hiyo ni 135,000 kwa siku. Weka na 65,000 ya uendeshaji, siku moja ya timu ni 200,000 kabla hujaweka faida. Hii namba ikae kichwani, tutaitumia.

Ila 135,000 ni bei ya deiwaka, mtu anakuja asubuhi, jioni anachukua chake, kesho anaweza asije. Ukimwajiri kwa utaratibu hela inabadilika. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hatakiwi kuchangia chini ya nusu yake, yaani 10. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5. Ukifika waajiriwa 10 kuna na tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Likizo ya mwaka ni siku 28 za kulipwa, ukiitandaza kwenye siku nyingine za mwaka ni kama asilimia 8 juu ya mshahara. Na sheria inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, zaidi ya hapo unalipa mara moja na nusu. Kwa hiyo fundi wa 30,000, weka NSSF 3,000, likizo 2,400, WCF 150, tayari yuko 35,550 na hujamnunulia hata buti.

Je, ni bora deiwaka basi? Kwa karatasi ya leo ndiyo, ni nafuu. Kwa kazi za kumaliza nyumba mimi nasema hapana, angalau kwa mafundi wakuu. Fundi wa tailizi niliyezoeana naye anajua nikisema mstari uanzie mlangoni nina maana gani, wa kuokota asubuhi kijiweni nitamwelekeza nusu siku halafu tailizi tano zitatolewa na kurudiwa, na kurudia ni siku ya timu ambayo hakuna anayeilipa zaidi yangu. Na mtu akianguka kwenye jukwaa, hapo ndio utajua thamani ya ile asilimia 0.5, maana hospitali haisubiri mteja wako alipe awamu ya pili. Nilichofikia mimi ni kuwa na mafundi wawili watatu wa kudumu wenye taratibu zote na saidia wa siku kadiri kazi inavyotaka, na kwenye hesabu kila mmoja anaingia kwa bei yake halisi. Kwenye mfano nitaendelea na 135,000 ili tusipotezane.

Kitu kingine kwenye ufundi, usipime kasi ya timu kwa ile siku moja nzuri. Fundi anaweza kukupigia skwea mita 25 siku moja ya ukuta mrefu ulionyooka, kesho yuko kwenye madirisha, kona na nguzo anatoka na 12. Kuna chai ya saa nne, kuna kuchanganya, kuna kuosha vyombo jioni. Chukua wastani wa kazi nzima kutoka kwenye daftari lako. Mimi kwa plasta natumia 18 kwa fundi mwenye saidia wake, na kwa mafundi watatu ni 54.

Kazi ile ile kwa njia mbili

Nyumba ya skwea mita 432 za plasta ndani na nje. Kwa 54 kwa siku ni siku 8. Ufundi 8 mara 135,000 ni 1,080,000. Uendeshaji unaotakiwa kurudi kutoka kwenye kazi hii ni 8 mara 65,000, yaani 520,000. Hiyo 520,000 ndio kipimo chetu, tuone asilimia 20 inaifikia au vipi.

Kama simenti na mchanga unanunua wewe, tuseme 1,300,000, jumla ya vifaa na ufundi ni 2,380,000 na asilimia 20 yake ni 476,000. Imepungua 44,000, sio mbaya, mtu anaweza kuishi nayo.

Mteja akinunua vifaa mwenyewe, asilimia 20 inakaa juu ya ufundi peke yake, unapata 216,000. Imepungua 304,000. Kazi ile ile, siku zile zile 8, stoo ile ile, boda ile ile, na tena kumbuka mteja akinunua mwenyewe mara nyingi ndio unazunguka zaidi maana unampigia simu mchanga umeisha, anakuletea mwembamba, unamwambia huu wa lipu ya mwisho sio wa kunyooshea.

Sasa tuchukue kazi ya tailizi, nayo siku 8, timu ile ile, ila tailizi za porselini na gundi zinafika 6,000,000 na unanunua wewe. Vifaa na ufundi 7,080,000, asilimia 20 ni 1,416,000. Imezidi 896,000 juu ya kinachotakiwa. Utasema safi nimepata, ila hujapata, kotesheni yako imeenda kwa mteja na amelinganisha na ya mwenzako na kazi imeondoka.

Unaona inavyokupeleka? Njia ya asilimia inakufanya uwe rahisi kwenye kazi zenye jasho jingi na vifaa vichache, na uwe ghali kwenye kazi zenye vifaa vingi. Kwa hiyo polepole unajikuta unazipata zile za kwanza na kuzikosa za pili, mwaka mzima vijana wako bize, kila mtu mtaani anajua una kazi, na hela haionekani. Mimi nilikaa hapo miaka nikidhani tatizo ni vijana wavivu. Nilikuwa nawaonea.

Na kwetu hii inauma zaidi kwa sababu mteja wa nyumba binafsi anapenda kununua mwenyewe. Siwalaumu, wengi wamewahi kuibiwa simenti, wanaona bora waende dukani wenyewe wakae na risiti. Ila likishakuwa hivyo asilimia haina tena pa kukalia, wakati siku zipo pale pale.

Kuwa mkweli kwa vifaa pia. Nikinunua mimi kuna kazi pale, kuna kufuata bei Kariakoo, kuna kupakia, kuna tailizi zinazopasuka njiani, kuna bei kupanda kati ya siku ya kotesheni na siku ya kununua, na hela yangu inalala humo. Hiyo ina haki ya kulipwa, ila kwa asilimia yake ndogo peke yake, mimi naweka 8 juu ya vifaa ninavyonunua na sifuri juu ya vya mteja. Ile kazi ya tailizi kwa njia ya siku inakuwa 1,600,000 za siku 8, vifaa 6,000,000, ushughulikiaji wa vifaa 480,000, jumla 8,080,000 kabla ya faida. Kwa asilimia ilikuwa 8,496,000. Hiyo tofauti ya 416,000 ndio kazi inapatikana au inaondoka.

Asilimia inafaa nani basi? Inamfaa mwenye kazi za aina moja na vifaa anatoa yeye kila mara, mfano wanaopaua kwa mbao na bati zao, au wa madirisha ya alumini, pale uwiano wa vifaa na siku hauchezi sana. Huyo akihesabu siku atajichosha bure. Lakini hata yeye asichukue 20 kwa sababu jirani anachukua 20. Achukue uendeshaji wa mwaka, kwa mfano wetu 14,040,000, agawe kwa vifaa na ufundi wote aliotumia mwaka huo. Kama ni 70,200,000 basi ndio, ni asilimia 20. Kama ni 40,000,000 ni asilimia 35, na kila kotesheni aliyotoa kwa 20 ilikuwa inamchimba.

Ukishajua gharama, bei umpe mteja kwa sura gani

Hili ni jambo tofauti na lile, watu wanayachanganya. Ndani unahesabu kwa siku, nje unaweza kumwambia mteja kwa siku, kwa kipimo au kwa jumla.

Kwa siku ni salama kwako na mteja hapendi, maana anaona mkizembea analipa yeye. Mimi naiweka kwa kazi za ukarabati tu, ile nyumba ya zamani ukibandua plasta hujui utakuta nini nyuma, tofali limeoza kwa chumvi au bomba linavuja tangu zamani. Hapo ukitoa bei ya jumla unabahatisha. Naweka siku ya timu 235,000, yaani ile 200,000 pamoja na faida, na naahidi kumwonyesha kila jioni tulipofika.

Kwa kipimo, skwea mita au kwa tofali, ndio naipenda kwa plasta na tailizi, wote mnaweza kushika futi mkapima. Ukuta ukiongezeka bei inaongezeka bila kugombana. Ubaya wake ni siku za kusubiri, na hapa niwape iliyonikuta. Madale, nyumba ya plasta, mteja ananunua vifaa mwenyewe, tumepatana kwa skwea mita. Siku ya tatu mchanga umeisha, dereva wake hapokei simu. Vijana sita wamekaa chini ya mwembe, mmoja anakata nyanya za mchana kwa mwiko aliouosha kabisa ukang'aa, mwingine amelala na kofia usoni, na mimi nimesimama barabarani naangalia kila lori linalokuja. Siku mbili. Nimewalipa 135,000 mara mbili kwa sababu hawana kosa na nyumbani kwao wanakula, uendeshaji nao ukaendelea, na kwenye kipimo hakukuongezeka hata skwea mita moja. Laki nne zimeisha pale chini ya mwembe. Mteja hakuwa mtu mbaya, hakuna mahali nilipoandika kwamba siku ya kusubiri ina bei.

Kwa jumla, ile bei moja mpaka kazi iishe, mteja anaipenda kuliko zote maana anajua mwisho wake. Ichukue pale tu michoro imekamilika na umeandika nini kimo na nini hakimo. Hatari zote ni zako hapo, kwa hiyo faida lazima iwe kubwa kidogo kuliko ya kipimo. Ukiichukua kwa maelezo ya mdomo, kila atakachokumbuka baadaye, niwekee na kijia cha bustani, malizia na ukuta wa choo cha nje, atakiona kilikuwemo.

Ipo na ya nne, fundi kulipwa asilimia ya gharama ya vifaa. Siipendi hata kidogo. Fundi anayebana simenti analipwa kidogo kuliko anayeimwaga, na mteja akichagua tailizi za bei mbaya wewe unalipwa zaidi kwa siku zile zile. Haina uhusiano wowote na jasho.

Faida nayo isikupite. Mtu anasema nataka faida asilimia 15, anachukua gharama 1,600,000 za ile plasta ya siku 8 anaongeza 15, anapata 1,840,000. Ile 240,000 ukiigawa kwa bei ni asilimia 13, haijafika 15. Ukitaka 15 ya bei, gawa gharama kwa 0.85, unapata karibu 1,882,000, na kwa skwea mita 432 ni kama 4,360 kwa kila moja. Tofauti ya 42,000 ni ndogo kwa kazi moja, ila mwaka una kazi ngapi? Na mteja akianza kuvuta bei, unajua kabisa kwamba chini ya 3,700 kwa skwea mita, ambayo ni gharama tupu, unafanya kazi ili umlipie yeye nyumba. Kabla sijawa na hiyo namba nilikuwa napunguza kwa aibu, mzee wa watu kaniangalia tu nikashusha laki mbili. Siku hizi akisema punguza namuuliza tupunguze nini, tuache nje bila kusawazisha, au yeye alete saidia wake wawili? Mara nyingi anaelewa.

Kwa kazi za kampuni na serikali kuna mambo mawili ya kuweka kwenye hesabu mapema. Kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, inakatwa kabla hela haijakufikia, baadaye inahesabiwa kwenye kodi yako ila leo hii huna hiyo hela ya kulipa vijana. Na kuna hela inayobakizwa mpaka kipindi cha matazamio, kile cha kuangalia kama kazi ina kasoro, kiishe, inaweza kukaa muda mrefu. VAT, kodi ya ongezeko la thamani ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, ukinunua vifaa unailipa dukani, na kama hujasajiliwa, maana usajili ni lazima mauzo ya mwaka yakifika milioni 200, huna pa kuirudisha, ni gharama yako kamili. Kwa hiyo linganisha bei za duka zikiwa na VAT ndani, usidanganyike na ile bei ya kabla.

Kama unaanza leo na unachukua kazi ambazo mteja ananunua vifaa, anza na njia ya siku bila kusita. Kama vifaa vyote ni vyako na kazi ni za aina moja, tumia asilimia ila ihesabu upya kila mwaka. Kama uko nusu kwa nusu kama mimi, siku kwa timu na ile asilimia ndogo kwa vifaa unavyonunua. Na daftari liwe na vitu vitatu tu kila jioni, nani amekuja, tumefanya skwea mita ngapi, na kama hatukufanya, kwa nini. Hiyo "kwa nini" iandike hata kama umechoka, ndio itakupa ile 18 yako ya siku za kazi kwa mwezi, ambayo inaweza kuwa 15 au 21.

Yule bosi wa Madale aliniita tena mwaka uliofuata kwa ukuta wa uzio. Safari hii kwenye karatasi nikaandika mstari mmoja, siku ambayo timu imefika saiti na vifaa vya mteja havipo inalipwa 200,000. Akausoma mara mbili, akauliza siku inaanza kuhesabiwa saa ngapi, nikamwambia saa mbili asubuhi. Mchanga ulikuwa unamwagwa saa kumi na mbili na nusu, sisi bado tuko kwenye daladala.